Watoro wa Shule ya Jikoni

Kwa Mhariri,
Sauti ya Harrowclough.

Ndugu Mhariri,

"Mtoto anayesomeshwa nyumbani hasomeshwi. Anakaa na nguo zake za kulalia mpaka saa sita mchana, akimsubiri mama yake amalize chai." Maneno hayo si yangu. Ni ya Bwana Nigel Crabtree, mwenyekiti wa bodi ya shule ya msingi ya mtaani kwetu, nanyi mliyachapisha wiki iliyopita, ukurasa wa nne, juu ya tangazo la mazulia.

Nimefundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka kumi na tisa. Nimeliandikia gazeti hili barua thelathini na moja, na mkachapisha kumi na mbili, ikiwemo ile ya mifereji ambayo mpaka leo halmashauri haijaijibu. Sijawahi kuandika nikiwa na hasira ya haki kama leo. Lakini nikuonye mapema, Mhariri: Bwana Crabtree ni mwanzo tu. Wenye makosa katika jambo hili ni wengi, na baadhi yao wana mabawa. Nitayapanga malalamiko yangu kwa namba, ili diwani yeyote asije akasema hakuelewa.

1. Kuhusu nguo za kulalia.

Binti yangu Nell ana miaka tisa. Mwezi wa Oktoba alisimamishwa darasani asome kwa sauti, akakwama kwenye neno moja, darasa likacheka, na mwalimu, ambaye si mtu mbaya, naye akacheka kidogo. Tangu siku hiyo Nell hakusoma tena kwa sauti. Hakusoma shuleni, hakusoma nyumbani, hakusoma hata maandishi ya kwenye kopo la maharagwe. Kila asubuhi tumbo lilimuuma. Daktari akalibonyeza, hakuona kitu. Mimi nilikiona, kwa sababu nimekaa kwenye vyumba vya walimu muda mrefu kuliko daktari yule alivyoishi duniani.

Januari nikamwandikia mwalimu mkuu barua ya mistari mitatu, kama sheria inavyoniruhusu. Sheria ya nchi hii inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, kwa kwenda shule au kwa njia nyingine. Mimi nikachagua njia nyingine. Nikamtoa Nell, na nikamtoa kaka yake Wilf, wa miaka kumi na moja, ambaye hakuwa na tatizo lolote isipokuwa alikataa kubaki huko peke yake. Nilijiwekea lengo moja: Nell asome tena kwa sauti. Mengine yote yangefuata.

Sasa Bwana Crabtree asikilize. Nyumbani kwangu kengele inagongwa saa tatu kasoro robo. Si kengele ya kubofya. Ni ya shaba, niliipata kwenye mnada wa kanisa, na inasikika mpaka kituo cha basi. Saa tatu kasoro dakika tano wanafunzi wako mstarini kwenye ngazi: Wilf mbele, kwa sababu ndiye kiranja mkuu, na Nell nyuma, kwa sababu ndiye wanafunzi wengine wote. Tunaimba. Naita majina. Majina ni mawili, nayaita kwa ukamilifu, na kila mmoja anaitika, "Nipo, Mwalimu." Neno "Mama" nimelipiga marufuku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, maana linashusha nidhamu. Sare ni sweta la kijivu lenye nembo niliyoishona mwenyewe, bundi ametua juu ya sufuria. Anayetaka kwenda msalani ananyoosha mkono, anapewa kibao cha ruhusa, anapanda ngazi za nyumba yake mwenyewe, anarudi, anakabidhi kibao. Wakati wa chakula wanapanga foleni. Siku moja Wilf aliuliza, "Mwalimu, foleni ya watu wawili si ni watu wawili tu wamesimama?" Nikamwandikia onyo.

Nguo za kulalia! Mtu pekee aliyewahi kuonekana na nguo za kulalia saa za masomo ni mume wangu Desmond, siku aliyokuwa na homa, na alitolewa mstarini.

2. Kuhusu Bi. Tamsin Farrow.

Huyu ndiye mratibu wa familia zinazosomesha watoto nyumbani hapa bondeni. Hukutana kila Jumatano katika ukumbi wa skauti. Nilikwenda kwa roho safi, nikiwa na nakala ishirini za mtaala wangu. Nikakuta watoto kumi na watano wanajenga kitu kwa maboksi. Hakuna aliyejua ni kitu gani, na hakuna mtu mzima aliyeuliza. Bi. Farrow akanipa kikombe cha chai isiyo na jani hata moja la chai, akanishika mkono.

"Hester, mpenzi," akasema, "usianze na masomo. Waache kwanza wapumzike. Mwezi mmoja kwa kila mwaka waliokaa shuleni. Ndivyo tunavyofanya sote."

Ni kweli, ndivyo wanavyofanya wote. Ni kanuni yao, na hakuna anayejua nani aliitunga. Mtoto akitoka shule, humpi kitabu cha mazoezi wala humwekei kipindi mpaka miezi hiyo iishe, ili shule imtoke mwilini. Kwa hesabu hiyo Nell alitakiwa kupumzika miezi mitano na Wilf miezi saba. Mimi si mtu wa kukubali kanuni bila kuijaribu, kwa hiyo nikaijaribu papo hapo, kwa sauti, mbele ya watu. Nilikuwa mwanafunzi miaka kumi na tatu, nikakaa chuo miaka minne, nikafundisha kumi na tisa. Jumla ni miaka thelathini na sita. Kwa hiyo kabla sijamwonyesha mwanangu herufi moja natakiwa nipumzike miaka mitatu?

"Wewe hasa," akasema Bi. Farrow, "ndiye ningeanza naye."

Niliondoka. Nakala zangu za mtaala zilibaki ukumbini. Nasikia zimekuwa paa la yale maboksi.

3. Kuhusu mume wangu, kwa ufupi.

Desmond ni fundi bomba na ni mtu mwema. Nilimteua mkuu msaidizi anayeshughulikia nidhamu. Machi nikaitisha mkutano wa wazazi. Sikuona sababu ya kuufuta eti kwa kuwa mwalimu na mzazi wanalala kitanda kimoja. Nikakaa upande wa mwalimu, yeye akakaa upande wa pili kwenye kiti cha Nell, magoti yakimgusa kidevu. Nikamweleza kwamba Wilf ana uwezo lakini hajitumi, na kwamba Nell bado hajatoa sauti kwenye kipindi cha kusoma, ingawa tumekiongeza kutoka kimoja hadi vitatu kwa siku.

"Mwalimu wao anasemaje?" akauliza.

"Mwalimu wao ni mimi."

"Basi mimi kama mzazi ningependa kuonana na mkuu wa shule."

"Mkuu wa shule ni mimi, Desmond."

"Ehe," akasema. "Hapo ndipo penye shida, mama watoto." Akainuka kwa tabu kwenda kuchemsha maji jikoni, yaani darasani.

Nimeiandika tabia hii kwenye faili lake.

4. Kuhusu Mzee Clem Sugden na ndege wake.

Hapa nafika kwenye jeraha lenyewe. Mzee Sugden ni jirani yetu. Ua wake na wetu unatenganishwa na ukuta wa mawe unaonifika kiunoni. Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Mkewe alifariki, macho yamefifia, na kilichombakia ni njiwa wa mashindano arobaini na watatu. Wakati wa msimu njiwa hao hupakiwa kwenye vikapu, husafirishwa kwa lori usiku kucha mpaka Ufaransa, hufunguliwa alfajiri washindane kuruka kurudi nyumbani, na wazee wa bonde zima hukaa vitini wakikodolea mawingu macho. Sina ugomvi na jambo hilo. Kila mtu ana njia yake ya kupoteza Jumamosi.

Lakini Jumatatu ya pili ya Aprili, baada ya mapumziko ya saa nne na nusu, niliita majina, na kwa mara ya kwanza tangu shule yangu ianzishwe nikaandika kwenye daftari: hayupo, hayupo. Nikagonga kengele dakika kumi na moja. Bi. Ackroyd wa ng'ambo ya pili akatoka na paka wake kwapani, akidhani ni moto. Mwishowe nikaenda ukutani.

"Mzee Sugden! Wanafunzi wangu wako huko?"

"Wanafunzi sijawaona, mwanangu," akajibu kutoka bandani. "Kuna watoto wawili hapa. Watakufaa?"

Mhariri, naomba upime uzito wa kosa hili. Mwanangu Wilf alikuwa amekaa juu ya gunia la mahindi, anagawanya umbali kwa muda ili kupata njiwa ameruka yadi ngapi kwa dakika, mpaka desimali ya tatu. Kugawanya kwa desimali kumo kwenye ratiba yangu mwezi wa Septemba. Amejifunza kabla ya zamu! Alijua pia miji minane ya Ufaransa, upepo unaovuma kutoka kila mmoja, na vilima ambavyo njiwa huvizunguka. Hiyo ni jiografia bila kibali. Nell alikuwa anakwangua sakafu, na leo hii anaweza kukutajia magonjwa tisa ya njiwa, matano kati yake ya koo, na hata moja halimo kwenye mtaala.

Nikachukua hatua zote za kiutawala. Niliwapa adhabu ya kubaki darasani baada ya masomo. Wakabaki. Nami nikabaki, kwa kuwa ni jikoni kwangu. Desmond akarudi kazini, akatukuta watatu tumekaa kimya tukitazama ukuta, akavua kofia, akauliza ni nani amekufa. Wiki iliyofuata nikamsimamisha Wilf masomo kwa siku tatu. Akasema, "Ahsante sana, Mwalimu," akaruka ukuta. Kufikia katikati ya Mei, kati ya siku ishirini na mbili za masomo, watoto wangu walikuwa wametoroka siku kumi na tisa. Hakuna shule katika bonde hili yenye utoro wa namna hiyo. Nimeuliza.

Mzee Sugden nilimwita kwa mazungumzo rasmi. Alikuja na viatu vya tope, akala biskuti nne.

"Unawavuta watoto wangu," nikamwambia.

"Siwavuti, mwanangu. Mlango wa banda uko wazi, kama wa njiwa. Wanaingia."

"Na hukuwauliza kwa nini hawako kwenye masomo?"

"Niliuliza. Yule mdogo akasema huko kwenu kuna shule." Akapangusa makombo. "Nikamwambia pole."

5. Kuhusu ziara ya Alhamisi, tarehe ishirini na mbili Mei.

Halmashauri ina ofisa anayefuatilia watoto wanaosomeshwa nyumbani. Jina lake Bi. Rukhsana Mirza. Akiridhika, mnaendelea. Asiporidhika, halmashauri inaweza kutoa amri ya mahudhurio, na amri hiyo humrudisha mtoto shuleni atake asitake. Ndugu Mhariri, hapo sifanyi mzaha. Kichwani nilimwona Nell amerudi kwenye kiti kilekile, kwenye darasa lilelile, ameshika tumbo lilelile. Kwa wiki nzima kabla ya ziara nilisugua sakafu, nikabandika chati, nikaandaa faili la kurasa mia mbili na kumi na nne lenye vibandiko vya rangi saba vya kutenganisha sehemu. Niliwasihi watoto. Naam, niliwasihi, mimi mkuu wa shule, kwamba siku hiyo moja tu wawe mstarini.

Saa nne kamili Bi. Mirza alisimama mlangoni na koti lake la mvua. Nikagonga kengele. Hakuna aliyetokea. Nikaita majina hata hivyo, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu, na ngazi tupu zikanitazama.

"Wanaumwa?" akauliza Bi. Mirza kwa upole.

"Wametoroka."

Akafungua daftari lake. "Wametoroka kutoka wapi?"

"Kutoka shuleni."

"Samahani, Bi. Lumb, nilidhani wanasoma nyumbani."

"Ndiyo. Wametoroka nyumbani."

"Kwenda wapi?"

"Kwa jirani." Kisha nikasema, na Mungu anajua sikukusudia, "Kusoma."

Kalamu yake ikasimama. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka kumi na miwili ya kazi hii hajawahi kukutana na utoro wa namna hiyo, na fomu haina kisanduku chake.

Alikataa kuruka ukuta, tukazunguka kwa njia ya nyuma. Tulipokaribia banda tukasikia sauti. Ilikuwa nyembamba, ilikwenda polepole, ikarudi nyuma, ikaanza upya. "Pete ya buluu. Jike. Mwenye... mwenye mabaka. Aliwasili saa nane na... na dakika kumi na saba." Bi. Mirza akanyoosha mkono kunizuia. Hakuwa na haja. Miguu yangu ilikuwa imeshasimama.

Ilikuwa sauti ya Nell. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamsomea Mzee Sugden matokeo kutoka gazeti la wafuga njiwa, kurasa mbili za herufi ndogo kama chawa. Mzee alikuwa amefumba macho. Wilf alikuwa anaandika. Njiwa walikuwa wanakoroma kama wanavyokoroma siku zote.

Kisha Nell akainua kichwa akaniona, akalikunja gazeti. Sauti ikakatika hapohapo kama bomba lililofungwa. Nalileta hilo kama ushahidi wa jinsi jirani alivyomharibu: mbele ya mwalimu wake halali mtoto anakataa kusoma, mbele ya ndege anasoma.

Bi. Mirza akachuchumaa kando ya ndoo. "Nell, kwa nini unapenda kusoma huku?"

Nell akafikiri. "Mzee Clem haoni," akasema. "Nikikosea hajui, mpaka nijisahihishe mwenyewe. Na njiwa hawacheki."

"Najua kidogo," akasema Mzee Sugden bila kufumbua macho. "Nikisomewa kwamba jike kafika saa thelathini na mbili, nashtuka. Lakini natulia. Huwa anarudi."

Nilikuwa na faili langu kifuani. Hakuna aliyeliomba.

6. Kuhusu ripoti.

Ripoti ilifika wiki mbili baadaye, kurasa tatu. Inasema elimu ya watoto wangu inafaa, na kwamba waendelee kusoma nyumbani. Mtu mwingine angeshukuru akanyamaza. Hata mimi nakiri kwamba nililia kidogo, kwenye stoo ya vifaa vya shule, yaani kabati la chini ya ngazi. Nell harudishwi. Lakini nilipomaliza kulia nikaisoma tena, kwa kalamu nyekundu, na hapo ndipo nilipoanza kuandika barua hii.

Aya tano zinahusu njiwa. "Hesabu ya kiwango cha juu ya umri wake." "Uelewa wa kuvutia wa magonjwa ya ndege." "Binti anasoma kwa sauti maandishi magumu, kwa hiari." Kuhusu chumba changu cha darasa, chenye chati kumi na nne na saa mbili za ukutani, ripoti inasema: "Kuna pia jiko." Kuhusu faili la kurasa mia mbili na kumi na nne: "Mzazi ana karatasi nyingi." Na chini kabisa, penye mapendekezo, kuna mstari mmoja: "Mzazi anashauriwa apumzike." Haikutajwa ni miezi mingapi, lakini naona mkono wa Bi. Farrow.

Ndugu Mhariri, je, hii ni haki? Miezi mitano nimeamka kabla ya jogoo, kama tungekuwa na jogoo. Nimetunga mitihani, nimeisimamia, nimeisahihisha, nimejikatia rufaa mwenyewe na kuikataa. Sifa anapewa mtu ambaye mbinu yake yote ya ufundishaji ni kufumba macho!

Kwa hiyo natoa madai matatu, na nawaomba waheshimiwa madiwani wayajadili kwenye kikao cha mwezi huu, kabla ya suala la maegesho.

(a) Ripoti iandikwe upya, na kila palipoandikwa "njiwa" pawekwe "ratiba ya Bi. Lumb."

(b) Kama halmashauri inashikilia kwamba banda la Mzee Sugden ni mahali pa elimu, basi litendewe kama mahali pa elimu. Lisajiliwe. Liwe na mlango wa dharura. Wafanyakazi wake wote arobaini na watatu wachunguzwe kama wanafaa kukaa na watoto; naweza kutaja dume mmoja aitwaye Askofu ambaye hudonoa. Lipewe bodi, na mwenyekiti wa bodi awe Bwana Crabtree, akae humo na suti yake, chini ya kitako cha Askofu, aone kama atapata nafasi ya kuandika kuhusu nguo za watu za kulalia.

(c) Na hili ndilo kubwa. Naiomba halmashauri itoe amri ya mahudhurio dhidi yangu. Ndiyo, dhidi yangu mimi, Hester Lumb. Iwaamuru watoto wangu wahudhurie jikoni kwangu. Najua kisheria amri hiyo huelekezwa kwa mzazi, na mtoto asipohudhuria ni mzazi anayeshtakiwa. Sawa. Watakapotoroka, nishtakiwe. Nitajisimamia mwenyewe mahakamani. Nitakuwa mlalamikaji kama mkuu wa shule, mshtakiwa kama mzazi, na shahidi wa kwanza kama mwalimu wa darasa. Desmond anaweza kuja kama umma. Hapo ndipo itakapojulikana mbele ya hakimu kwamba katika nyumba namba kumi na saba kuna shule, shule ya kweli, yenye kila kitu ambacho shule inacho.

Nimemaliza. Msalimie mpiga chapa wako, na yule kijana wa dawati la barua ambaye hunikatia aya za mwisho. Mwambie safari hii asithubutu. Salamu kwa Bi. Mirza, ambaye ana adabu hata kama hana kisanduku. Salamu kwa Bi. Ackroyd na paka wake, na pole kwa mshtuko. Kwa Bwana Crabtree sina salamu, nina mwaliko: mlango uko wazi saa tatu kasoro robo, aje na sweta la kijivu.

Nabaki mtetezi wa elimu, na msomaji wako aliyechoka lakini hajashindwa,

Hester Lumb
Mwalimu Mkuu, Mwalimu wa Darasa, Mpishi
Harrowclough, tarehe kumi na nne Juni

Nyongeza. Barua hii niliiacha mezani, nikapanda juu kutafuta stempu. Nikiwa huko nikasikia mtu anaisoma. Nell alikuwa amerudi kutoka kwa jirani, kaikuta, na akaanza kuwasomea baba yake na Wilf, kwa sauti, kutoka "Ndugu Mhariri."

Aliisoma yote. Bwana Crabtree alimpa sauti nzito ya puani, na mimi akanipa sauti ambayo sitaieleza. Kwenye "kiutawala" alikwama. Akarudi nyuma, akakwama tena. Nikamsikia Wilf anavuta pumzi ili amsaidie, na Desmond anamwambia, "Nyamaza wewe." Mara ya tatu akalipata, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, kiganja mdomoni, kwa sababu nilikuwa na mambo manne ya kusahihisha kuhusu matamshi, na sijawahi kubana jambo gumu kama hayo manne. Sikushuka. Alipofika pale ninapoandika kwamba ametoroka siku kumi na tisa alicheka mpaka akashindwa kusoma. Safari hii aliyekuwa anacheka ni yeye.

Dai (a), dai (b) na dai (c) nayaondoa. Bwana Crabtree bado amekosea, lakini si kwa sababu nilizozitoa.

Na nyinyi wazazi watatu wa mtaa wa Bankfoot, mlioniandikia mwezi huu kwamba mmewatoa watoto wenu shuleni na mnataka kuanza na ratiba yangu: niliitia posta jana, itawafikia Jumanne. Msiifungue bahasha. Irudisheni kama ilivyo. Na siku mtakaposikia mtoto anasoma chumba cha pili, hata kama anasoma matusi juu yenu, kaeni hapohapo mlipo, na mfunge midomo.